Ukimuwaza Fumo Liyongo, wamuwaza nani?

Swali

Assalaam aleikum mwalimu. Nasoma falsafa mwaka wa pili, na likizo hii niko kwetu Lamu, mtaa wa Mkomani. Juzi baada ya isha tulikaa barazani, babu akitusimulia habari za Fumo Liyongo, yule shujaa na mshairi wa masimulizi ya pwani yetu. Kaka yangu akasema huenda mtu huyo hakuwako kamwe, kwa hivyo amuwazaye hawazi kitu. Mimi nikasema nawaza picha yake iliyo kichwani mwangu. Babu akasema sote wawili tumekosea, kisha akaenda kulala. Nani mkweli? Na fikra yafikaje kwa kitu kilicho mbali, kilichopita, au kisichokuwako?

Jibu

Waaleikum salaam, mwanangu. Babu yenu ndiye mkweli. Nyinyi mmekosea kwa njia mbili tofauti, na zote ni njia za zamani zilizowahi kupitwa na watu wakubwa, kwa hivyo msione haya. Nitaanza na kosa lako, kwa sababu ndilo gumu kung'oka.

Umesema wawaza picha. Ichukue kauli hiyo kwa uzito wake wote. Katika masimulizi, Liyongo hadhuriki kwa silaha yoyote ila shaba yenye ncha ikimwingia kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe. Kama unachokiwaza ni picha, basi umeamini kwamba picha ilichomwa kitovuni na mwana wa picha. Hakuna aliyeamini hivyo pale barazani. Uliyemwamini kachomwa ni mtu. Tena kaka yako naye ana picha yake, yamkini fupi na nene kuliko yako. Kama kila mmoja anazungumzia picha yake, basi hamkuwa mkibishana, kila mtu alikuwa akisema lake na yote mawili yanaweza kuwa kweli. Lakini mlibishana, na ubishi wenu ulikuwa wa kweli. Picha unayo, sikatai. Unawaza kwa picha, ila huiwazi picha, kama mtu aonavyo kwa jicho lake bila kuliona.

Lipo kosa la ndani zaidi, nalo ni kudhani kwamba picha inamfikia mtu kwa sababu inafanana naye. Kufanana hakuna nguvu hiyo. Chukua mapacha, Hasani na Huseni, wanaofanana hata jirani huwaita kwa kubahatisha. Mpige picha Hasani. Picha hiyo inafanana na Huseni sawasawa na inavyofanana na Hasani, lakini ni picha ya Hasani, kwa kuwa mwanga ulioingia katika kamera ulitoka usoni pake. Na kufanana huenda pande zote mbili: picha inafanana na Hasani, na Hasani anafanana na picha, lakini hakuna asemaye kwamba Hasani anaihusu picha.

Hilary Putnam, mwanafalsafa wa Marekani, aliiweka hoja hii mwaka 1981 kwa mfano wa mdudu chungu. Chungu anatambaa mchangani, na mstari anaouacha nyuma, kwa bahati tu, unatokea kuwa kama uso wa Winston Churchill, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza. Je, kamchora Churchill? Hajamwona, hajamsikia, hana habari naye. Nenda ufuoni Shela asubuhi maji yakitoka utazame kaa wanavyochora mchanga kwa miguu. Siku mistari yao ikitokea kuwa sawasawa na herufi za jina «Liyongo», kaa hajamtaja mtu. Wewe utakayepita na kusoma ndiye utakayemtaja.

Na hata picha iliyochorwa kwa makusudi haijisomi. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1953 baada ya kufa kwake, anatuonyesha picha ya mzee aliyeegemea bakora akipanda mteremko mkali. Tunajuaje kwamba anapanda? Mtu anayeteleza kinyumenyume kwenye vilima vya mchanga vya Shela angetoka vivyo hivyo kwenye karatasi, mguu kwa mguu. Kinachoifanya picha iwe ya kupanda kiko nje ya picha: ni namna tulivyozoea kuitumia. Basi ukijibu swali la «fikra yahusu nini?» kwa kusema «kuna picha kichwani», umeahirisha swali tu. Itabidi uulizwe tena, na picha hiyo yahusu nini?

Sasa kaka yako. Yeye anasema amuwazaye asiyekuwako hawazi kitu. Hoja yake inakaa vizuri kwa baadhi ya vitenzi: kupanda punda, kushika usukani, kufungua mlango. Hivyo haviwezekani bila punda, usukani na mlango kuwako. Yeye ameviweka kuwaza, kutafuta, kungoja, kuogopa na kutaka katika kapu hilo hilo, na havimo. Mtu anaweza kusimama gatini kwa muda wa saa mbili akimngoja abiria ambaye hakupanda mashua. Kungoja kwake ni kungoja kweli, na kunamhusu abiria huyo, hata kama hashuki mtu.

Aliyelifanya jambo hili kuwa swali kubwa la falsafa ya siku hizi ni mwanafalsafa Franz Brentano, katika kitabu alichokitoa mwaka 1874. Alisema hii ndiyo alama ya mambo ya akili: kila tendo la akili limeelekea kitu. Ukiona, unaona kitu. Ukipenda, unapenda kitu. Ukihukumu, kuna unachokihukumu. Jiwe halielekei kitu namna hiyo, wala wimbi. Brentano mwenyewe alikiri kwamba neno lake la kuuitia uelekeo huo amelichukua kutoka kwa wanazuoni wa Ulaya wa enzi za kati, walioandika Kilatini. Nao walilipata wapi?

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapopaswa kukaa vizuri. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa wa Kiislamu aliyezaliwa mwaka 980 na kufa 1037, aliuliza: kondoo anapomwona mbwa mwitu, macho yake yanampa rangi, umbo na mwendo, basi uadui anaupata wapi? Uadui hauna rangi. Akasema kondoo ameipata maana iliyomo katika kile anachokiona, na kuna nguvu katika nafsi inayoipokea. Neno alilolitumia kwa Kiarabu ni ma'na. Karne ya 12, kule Toledo, Hispania, kitabu chake juu ya nafsi kilipotafsiriwa kwa Kilatini, ma'na ikageuzwa kuwa intentio, na kutoka hapo likatoka jina «intentionality», ambalo wanafalsafa wa lugha za Ulaya wanalitumia mpaka leo. Kwa hivyo neno walilozungukia bahari kulipata, sisi tunalo kinywani kila siku. Tukisema «maana yake nini?» tumeligusa lile lile la Ibn Sina.

Nakuonya na tafsiri moja inayowapoteza wanafunzi. Kwa kuwa intentio inasikika kama jambo la kukusudia, wengi huandika «nia». Wakishaandika nia, wanaanza kuuliza vipi hofu inakuwa na nia, na insha inakwama. Nia ni aina moja tu ya fikra zilizoelekea kitu: nia ya kufunga, nia ya safari. Kuogopa kusi ikikukuta uko baharini si nia, lakini kumeelekea kusi. Kukumbuka arusi ya dada yako si nia. Andika «uelekeo wa fikra», au sema tu «fikra inachokihusu». Na hilo «kuhusu» lenyewe lina undugu na hususan na mahususi: fikra inayohusu kitu imekitenga kitu hicho miongoni mwa vyote.

Baada ya Brentano, mwanafunzi wake Kazimierz Twardowski alifanya kazi mwaka 1894 ambayo ingemaliza nusu ya ubishi wenu. Alitenga vitu viwili: kinachowazwa, na maudhui ya kukiwaza. Kinachowazwa ni Liyongo. Maudhui ni namna Liyongo anavyokujia: kama mtu wa nguvu, kama mshairi, kama mfungwa aliyetoroka. Maudhui yako ndani ya fikra siku zote. Kinachowazwa kinaweza kuwa mbali, kule Kipini kwenye mdomo wa mto Tana, kinaweza kuwa miaka mia kadhaa nyuma, kinaweza kisiwe popote. Wewe ulichukua maudhui ukayafanya kinachowazwa. Kaka yako aliona kinachowazwa huenda hakipo, akadhani na maudhui yametoweka nacho.

Utavitenganishaje kwa vitendo? Kuna jaribio linalotokana na Gottlob Frege, aliyeandika mwaka 1892 juu ya nyota ya asubuhi na nyota ya jioni. Zote mbili ni Zuhura, ile ile moja, ila watu waliweza kuziamini kuwa mbili. Andika sentensi mbili. Ya kwanza: «Nahodha anaitazama nyota ya asubuhi.» Ya pili: «Nahodha anaamini kwamba nyota ya asubuhi ndiyo Zuhura.» Sasa toa «nyota ya asubuhi», tia «nyota ya jioni», kila mahali. Ya kwanza inabaki kweli, kwa sababu anayetazama kitu anakitazama kwa jina lolote utakalokipa. Ya pili inaweza kugeuka uongo, nahodha akiwa hajui kwamba ni nyota moja. Sentensi ikistahimili kubadilishiwa jina, inasema juu ya kinachowazwa au kinachotendwa. Isipostahimili, imegusa maudhui. Wanafunzi hukosea kwa kubadilisha jina na kitenzi kwa pamoja, halafu hawajui kilichogeuza ukweli ni kipi. Badilisha kimoja tu.

Jaribio la pili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa kuwa sarufi yetu imelifanyia nusu ya kazi. Mwaka 1956 W. V. Quine alionyesha kwamba mtu akisema anataka mashua, kuna mambo mawili. Huenda kuna mashua fulani aliyoiona ikiuzwa, hiyo ndiyo aitakayo. Au huenda amechoka tu kukaa bila mashua, na mashua yoyote nzima ingemtosha. Kiingereza, lugha ya Quine, kinaviandika vyote viwili kwa maneno yale yale, hata ikambidi Quine atumie alama za mantiki kuvitenga. Mswahili anasema «natafuta mashua» na anasema «naitafuta mashua», na msikilizaji hahitaji alama. Kwa «natafuta mashua» kaniambia aina ya kitu kitakachomtosha, na huenda duniani hakuna mashua hata moja anayoiwaza. Kwa «naitafuta mashua» kuna moja, nami nina haki ya kumuuliza, «ipi?» Kiambishi -i- kimefanya kazi ya kurasa nzima.

Ila usiikabidhi sarufi kila kitu. Kwa watu na wanyama kiambishi cha namna hiyo (kwao ni -m-) ni cha lazima karibu kila mara, kwa hivyo kinaacha kutofautisha. «Namtafuta fundi» yaweza kuwa fundi yule aliyechukua arbuni akapotea, na yaweza kuwa fundi yeyote ajuaye kuchonga mlango. Ndiyo maana watu hujibizana kwa kutoelewana: huyu aambiwa «fundi yuko pale», naye ajibu «siye». Unapochambua fikra zinazohusu watu, ongeza mwenyewe swali ambalo sarufi imelificha: yeyote, au yule?

Sasa unaweza kuona mtego uliomnasa kaka yako. Kutoka «nawaza kisichokuwako» watu huruka kwenda «kuna kisichokuwako ninachokiwaza». Sentensi ya kwanza haina taabu. Ya pili ina «kuna» mlangoni, na «kuna» ni neno la kuwako. Alexius Meinong, mwanafunzi mwingine wa Brentano, aliikubali ya pili. Kwake mlima wa dhahabu ni kitu, ni wa dhahabu kweli, ila hauko. Bertrand Russell alimjibu mwaka 1905 kwa njia inayofaa kufanywa kwa kalamu. Chukua sentensi «Mtepe uliotia nanga Lamu alfajiri ya leo umepakia boriti.» Mitepe, vyombo vile vilivyoshonwa kwa kamba za kumbi pasipo msumari wa chuma na kutweka tanga la mkeka, haisafiri tena. Basi sentensi hiyo yahusu mtepe upi? Russell angeivunja vipande vitatu: kuna mtepe uliotia nanga Lamu alfajiri ya leo, uliotia nanga ni mmoja tu, na huo umepakia boriti. Kipande cha kwanza ni uongo, kwa hivyo yote ni uongo, na hakuna haja ya kuwaza chombo-kivuli bandarini ili sentensi ipate maana. Kumbuka ni uongo, si upuuzi. Tunaielewa, ndiyo sababu tunaweza kuikanusha.

Dawa ya Russell inaponya maelezo marefu ya aina ya «yule ambaye…». Kwa majina haiponyi vizuri, na swali lenu ni la jina.

Tuje basi kwa Liyongo mwenyewe. Mnachokijua juu yake kimetoka wapi? Kwenye masimulizi, kwenye nyimbo zinazonasibishwa naye, na kwenye utenzi alioandika Muhamadi Kijumwa wa hapo hapo Lamu mwaka 1913. Ukikusanya sifa zote, tuseme umepata ishirini: shujaa, mshairi, mtu wa pande za Shaka na Ozi, aliyefungwa, aliyetoroka, aliyeuawa na mwanawe. Watu wengi hudhani jina «Liyongo» ni ufupisho wa orodha hiyo, na Liyongo ni yeyote atakayekutwa amezitimiza. Saul Kripke, katika mihadhara aliyoitoa mwaka 1970 na kuchapishwa kuwa kitabu mwaka 1980, alionyesha kwa nini sivyo. Tuseme ikathibitika kwamba palikuwa na mtu wa jina hilo upande wa Kipini, ila hakufungwa, hakuuawa na mwanawe, na nyimbo zilitungwa na mwingine. Tungesema nini? Tungesema «kumbe Liyongo hakuuawa na mwanawe». Hatungesema «kumbe yule mtungaji mwingine ndiye aliyekuwa Liyongo». Sifa zimeanguka moja moja na jina limebaki palepale lilipo.

Kinachoishikilia fikra, basi, ni mnyororo. Mtu alipewa jina, waliomjua wakalitumia, wakawapa waliofuata, na kila aliyepokea akalitumia kwa kumkusudia yule yule aliyekusudiwa na aliyempa. Babu yako alipolitamka jina barazani alikushikisha pete ya mwisho. Hukuhitaji kujua pete ya tatu inafananaje. Huhitaji hata kuwa na sifa moja iliyo kweli.

Na mnyororo haupiti kwa wafu tu, unapita pia kwa mafundi. Putnam, mwaka 1975, alikiri kwamba hawezi kutenganisha aina mbili za miti ya kwao, lakini akisema jina la mmoja anamaanisha huo na si mwingine. Kwetu ni hivi: mtu wa mjini ambaye hajawahi kuingia mikokoni hajui mkandaa na mchu vinatofautianaje. Alichonacho kichwani juu ya vyote viwili ni kimoja: «mti wa maji ya chumvi». Hata hivyo akiagiza boriti za mkandaa akaletewa mchu, ameletewa sicho, na mkataji atakubali kwamba kosa ni lake. Fikra ya mnunuzi ilifika kwenye mkandaa kwa kupitia ujuzi wa mkataji. Hili ndilo jambo ambalo ningependa ulibebe kuliko majina yote niliyoyataja: sehemu kubwa ya kinachoamua fikra yako yahusu nini iko nje ya kichwa chako, kwa watu wengine na katika vitu vyenyewe.

Mnyororo nao una maradhi yake. Gareth Evans aliuleta ugonjwa mmoja mwaka 1973, na unatuhusu kwa kuwa ni wa bahari yetu. Jina Madagaska, kama anavyolieleza, mwanzoni lilikuwa la sehemu ya bara la Afrika, na wengi hulihusisha na Mogadishu. Marco Polo akalisikia vibaya akalipachika kwenye kisiwa. Alikusudia kulitumia kama walivyolitumia waliompa. Mnyororo haukukatika. Lakini leo mtu akisema Madagaska anasema kisiwa, wala hakuna wa kumrekebisha. Kwa hivyo mwanzo wa jina peke yake hautoshi. Habari tunazoendelea kuzikusanya chini ya jina, kizazi baada ya kizazi, zinaweza kulihamisha kutoka kitu hiki hadi kile. Kwa maoni yangu Evans alimsahihisha Kripke hapa, na kwa mtu kama Liyongo, aliyebebwa na nyimbo kwa muda mrefu hivyo, sahihisho hilo lina uzito kuliko kwa mtu aliyeandikwa katika daftari la kuzaliwa.

Mtasema, na kama mnyororo unaishia kwa mtungaji aliyebuni? Wewe na kaka yako mtawezaje kumuwaza mmoja, ikiwa mmoja huyo hayuko? Peter Geach alilifunga fundo hili mwaka 1967, naye alitumia wachawi. Mimi nitatumia mwizi. Asubuhi mama wa nyumba moja anakuta samaki changu aliyemtia viungo hayumo siniani. Anasema, «kaingia mwizi.» Jirani, aliyepotelewa na vipande vya papa mkavu darini, anasikia na kusema, «basi ni huyo huyo aliyepanda kwangu.» Ukweli ni paka, tena paka wawili tofauti. Mwizi hakuna. Lakini jirani hakukosea aliposema «huyo huyo»: alimkusudia yule aliyekusudiwa na mwenzake. Si kwamba kuna mwizi mmoja ambaye wote wawili wamemuwaza, wala si kwamba kila mmoja ana mwizi wake. Umoja wa mwizi umetoka katika mazungumzo: fikra ya pili imeshikwa na ya kwanza. Kama Liyongo alibuniwa, basi nyinyi wawili mnamuwaza mmoja kwa njia hiyo hiyo, kwa kuwa mmeteka kisima kimoja.

Umeuliza pia fikra inafikaje. Yaani ubongo ni nyama, na nyama inahusuje kitu? Jibu la kwanza linalokuja ni ishara. Moshi ni ishara ya moto, mawingu mazito ni ishara ya mvua. Wanaotaka kuieleza akili kwa sayansi huanzia hapo: fikra ya punda ni kile kinachowashwa kichwani na punda, kama moshi unavyotoka motoni. Shida ni kwamba ishara za namna hiyo hazikosei. Paul Grice aliliona hilo mwaka 1957: madoa yakiwa kweli ni ya surua, basi surua iko. Fikra hukosea, na uwezo wa kukosea ndio unaohitaji kuelezwa.

Tazama kwa karibu. Unatoka mtaa wa Langoni usiku, umeme umekatika, na kwenye kona ya kichochoro kuna kitu cheusi, kirefu kiasi cha kiuno, kimeegemea ukuta. Unajibanza upande wa pili ukisema moyoni «punda», usije ukapigwa teke. Unanyoosha mkono: ni magunia matatu ya saruji yaliyofunikwa turubai. Ulikosea. Lakini ikiwa fikra «punda» ni ile inayowashwa na chochote kinachoiwasha, basi kwako huwashwa na punda na pia na magunia gizani, na ingekuwa fikra ya «punda-au-magunia-gizani». Kwa hesabu hiyo hukukosea, na nadharia inayosema hukukosea imevunjika. Jerry Fodor alilibana swali hili mwaka 1987 kwa mfano wa farasi na ng'ombe. Jibu lake: magunia huwasha fikra hiyo kwa sababu tu punda huiwasha. Ondoa uhusiano na punda, wa magunia unakufa. Ondoa wa magunia, wa punda unabaki. Ruth Millikan, mwaka 1984, alikuwa ameshapita njia nyingine: uliza kitu hicho ni cha kazi gani, kimedumu kwa kufanya nini. Moyo ni wa kusukuma damu, hata ule ulioshindwa. Dira ni ya kuonyesha kaskazini, hata ikipotoshwa na chuma kilichowekwa karibu nayo. Fikra ya punda imedumu kwa kutusaidia na punda, kwa hivyo ikiwashwa na magunia imeikosa kazi yake. Naona Millikan yuko karibu zaidi na ukweli, kwa kuwa neno «kukosa» kwake lina mahali pa kukaa. Anapolemewa ni kwa fikra mpya kabisa, isiyo na historia ya kufanya kazi yoyote; wafuasi wake wanapaswa kuijenga kutokana na vipande vya zamani, na ujenzi huo bado haujaisha.

Neno moja dogo kabla ya kurudi barazani. Fikra mbili zinaweza kuhusu kitu kile kile na maudhui yale yale, zikatofautiana kwa upande unaopaswa kurekebishwa. Elizabeth Anscombe, mwaka 1957, alionyesha kwa orodha ya sokoni. Mtu ana karatasi: mchele kilo 2, nazi 3, samli nusu kilo. Nyuma yake yuko anayempeleleza, akiandika kila kinachotiwa kapuni. Kapu likiwa na nazi 2, kwa mnunuzi kosa liko kapuni, arudi akachukue ya tatu. Kwa mpelelezi aliyeandika 3, kosa liko karatasini. Kutaka ni karatasi ya kwanza, kuamini ni ya pili. Ungesema «natamani Liyongo awe alikuwako» na kaka yako akajibu «hakuwako», hamngekuwa mmepingana bado.

Leo babu akitoka msikitini, usimuulize tena kama Liyongo alikuwako. Muulize jina hilo alilisikia kwa nani mara ya kwanza, akiwa na umri gani, na kama alilisikia katika hadithi, katika wimbo, au kwa mtu aliyesema «kaburi lake liko pale Kipini». Kisha muulize huyo naye alilipata kwa nani. Andikeni kila pete na namna ilivyopokewa, na mahali ambapo babu ataanza kusema «watu walisema», pigeni mstari.